Mkono ambao Otha Stubblefield hakuupima

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Otha Stubblefield anakata boksi la shati kwa mkasi wa jikoni. Anapima kwa jicho, anapunguza tena kidogo, kisha anakibandika kipande hicho kwenye skrini ya kompyuta yake. Nusu yote ya juu imefunikwa. Kinachobaki kuonekana ni nyasi na miguu.

Anabonyeza. Miguu inatimka. Anarudisha nyuma, miguu inatimka tena. Mara ya tano anachukua kalamu na kuandika kitu kifupi kwenye daftari lenye alama za kahawa, kisha anarudisha nyuma mara ya sita.

“Uso unadanganya,” anasema bila kugeuka. “Mabega nayo yanadanganya. Unamwona kijana mrefu, kifua kile, unaanza kumpenda kabla hajafanya kitu. Miguu haijui kujipendekeza.”

Mkewe, Earnestine, anageuza soseji kwenye kikaango. Anasema huu ni mwaka wa kumi na tano anaamka na kumkuta mume wake anatazama miguu ya wanaume kabla hata hajamwamkia.

“Nimekuamkia,” anasema Otha.

“Ulikohoa tu.”

Ni tarehe 27 Mei, nyumbani kwao Hattiesburg, Mississippi. Mkataba wa Otha wa kutafuta vipaji kwa timu moja ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani unakwisha tarehe 31, na mpaka asubuhi hii hakuna aliyempigia simu kumwambia kama upo mwingine. Miguu anayoitazama ni ya vijana wa vyuo watakaoteuliwa mwaka ujao, timu zikichagua kwa zamu, raundi kwa raundi. Hakuna aliyemtuma aitazame.

Wenzake wengi walishapata barua zao tangu wiki ya pili ya Mei. Yeye hajapata, na sababu anaijua. Ni mkono wa kijana mmoja, na simu nane alizopiga mwezi Aprili.

Otha ana miaka hamsini na minane. Alizaliwa Laurel, maili thelathini kutoka anapoishi sasa, mtoto wa tano wa mzee aliyefanya kazi kiwanda cha mbao mpaka vidole viwili vikabaki hukohuko. Alicheza mpira chuoni, nafasi ileile ya mlinzi wa pembeni anayoichungulia leo, mpaka goti lilipokataa. Akafundisha mazoezi ya viungo shule ya sekondari miaka kumi na tisa, na alikuwa na miaka arobaini na mmoja timu yake ya kwanza ilipomchukua awe macho yake huku Kusini.

Eneo lake ni Mississippi, Alabama, Louisiana na kipande cha Arkansas. Kwa mwaka anaendesha maili elfu arobaini na tano na kulala hotelini siku mia moja na sitini na kitu. Analipwa dola elfu sabini na mbili, ambazo Earnestine anasema zingekuwa nyingi kama matairi ya gari yangekuwa ya bure.

Matairi ni neno lenye uzito katika nyumba hii. Mwaka 2014 alikuja bosi mpya, akawaondoa watafuta vipaji wote wa zamani kwa barua ya mistari minne. Otha aliuza matairi miaka miwili, kwenye banda la bati kando ya barabara kuu, mpaka timu anayoitumikia sasa ilipomchukua. Anasema hakuona aibu kuuza matairi. Kilichomuuma ni Jumamosi, mpira unapochezwa, na yeye amepiga magoti chini ya gari la mtu.

“Watu wanadhani kazi yangu ni kutazama mpira,” anasema. “Kutazama anaweza hata mbwa. Mimi nalipwa kulinganisha. Kila mtu atakwambia fulani mzuri. Mimi lazima niseme nani mzuri kuliko nani, halafu niandike jina langu chini.”

Na kinachomkalia moyoni kuliko vyote ni kulinganisha walinzi wa pembeni. Mlinzi wa pembeni ni yule anayesimama mwisho wa mstari, na kazi yake ni kumpita mzuiaji mkubwa aliyewekwa mbele yake ili amfikie mrushaji kabla mpira haujatoka mkononi. Akimfikia, uwanja mzima unasimama. Asipomfikia, hakuna anayekumbuka kuwa alikuwepo.

Mwaka huu wakubwa zake walimwambia wanataka mlinzi wa pembeni mmoja tu kutoka Kusini, na katika eneo lake walibaki wawili.

Wa kwanza alikuwa Zavion Prudhomme wa Lafayette, kutoka chuo kikubwa cha Louisiana chenye uwanja unaojaa watu kama mji. Futi sita na inchi tano, ratili mia mbili sabini na moja, mkono wenye urefu wa inchi thelathini na nne na nusu. Msimu uliopita aliwaangusha warushaji mara kumi na tatu.

Wa pili alikuwa Dekorian Tate wa Belzoni, kutoka chuo kidogo cha Bogue Creek kule Delta ya Mississippi, ambacho magoli yake ya mazoezi yanashikiliwa na waya. Futi sita na inchi mbili. Ratili mia mbili hamsini na nane. Aliwaangusha warushaji mara saba, tena wa timu ambazo wengi hawajazisikia.

Na mkono wake, kwa mujibu wa karatasi, ulikuwa inchi thelathini na moja na nusu.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Timu ya Otha, kama nyingi, haimgusi mlinzi wa pembeni mwenye mkono chini ya inchi thelathini na tatu. Wazuiaji wana mikono mirefu, na anayemgusa mwenzake kifuani kwanza ndiye anayeongoza ngoma. Kijana akiwa na mkono mfupi, jina lake linatolewa kwenye ubao mkubwa wa ofisini na kubandikwa ukuta wa pembeni, karibu na kabati la vikombe, kwa heshima tu.

Aliyeupima mkono huo alikuwa Otha mwenyewe.

Ilikuwa tarehe 12 Machi, ndani ya ukumbi wa mazoezi wa Bogue Creek. Siku ya vipimo kwenye vyuo vikubwa huja mashine na watu maalumu. Kwenye vyuo vidogo wanakuja watafuta vipaji wenyewe, na siku hiyo walikuja tisa. Desturi ni kwamba mmoja anashika tepu na kutaja namba kwa sauti mara mbili, wengine wanaandika. Namba anayoitaja yeye inakuwa namba ya timu zote. Otha alipewa tepu kwa kuwa ndiye mkubwa kwa umri na sauti yake inafika ukutani.

Desturi nyingine ni kupima mkono wa kushoto tu. Ukimuuliza kwa nini wa kushoto, anasema ndivyo alivyokuta, na aliowakuta nao ndivyo walivyokuta.

Dekorian alisimama ukutani, akanyoosha mkono wa kushoto. Otha akaweka tepu kwenye mfupa wa bega, akaivuta mpaka ncha ya kidole cha kati. Thelathini na moja na nusu, akataja. Akarudia.

“Nilisikia kalamu zikifungwa,” anasema. “Usiombe kuisikia sauti hiyo. Kijana bado amesimama pale na mkono wake hewani, na watu wanane wameshamaliza naye.”

Alirudi nyumbani na angeweza kulisahau jina hilo. Lakini ana tabia ya kutazama mikanda ya video ya wote, hata waliotolewa ubaoni, kwa sababu anasema karatasi haijawahi kumkaba mtu. Akatazama miguu kwanza kama kawaida yake. Kisha akabandua boksi na kutazama mikono.

Alihesabu migongano sitini ya kila mmoja. Prudhomme, na ile mikono yake mirefu, alitangulia kumgusa mzuiaji mara thelathini na nane. Tate mwenye mkono mfupi alitangulia mara arobaini na nne.

Tena palikuwa na jambo la dakika za mwisho, timu ikiwa imeshazidiwa. Hatua za Prudhomme zilikuwa zikifupika. Otha hamwiti mvivu. Anasema ni kijana ambaye hajashindwa mara nyingi maishani, kwa hiyo kushindwa kukija hajui akuweke wapi. Tate alishindwa mechi sita msimu ule, na hatua yake ya mwisho ilikuwa sawa na ya kwanza.

Lakini hesabu ya mikono ilimsumbua. Mfupi anawezaje kufika kwanza, mara arobaini na nne? Alianza kuishuku tepu yake. Akapima fremu ya mlango wa jikoni, akapima meza, akamwita Earnestine akampima na yeye. Tepu ilikuwa nzima. Earnestine naye hakuwa amebadilika tangu harusi, na alitaka hilo liandikwe.

Wiki ya kwanza ya Aprili akaendesha saa tatu kurudi Bogue Creek. Hakwenda kwa makocha. Makocha, anasema, humsifia kila mchezaji wao kama wanauza gari. Alikwenda chumba cha nguo, nyuma ya ukumbi, ambako mashine mbili za kufulia zinatetemesha ukuta mchana kutwa na ambako Bibi Ollie Mae Bivens amefua, amepasi na kushona kwa miaka thelathini na minne.

Bibi Ollie ana miaka sabini na mmoja, na watafuta vipaji wenye akili humletea pipi za mnanaa. Anajua nani husema asante na nani hutupa soksi sakafuni. Siku hiyo alikuwa kwenye cherehani na majoho ya mahafali, na joho lililokuwa mbele yake lilikuwa limepindwa mkono mmoja tu.

Otha akamtania. Akamuuliza kama macho yameanza kumuaga, maana anaona mkono mmoja umempita.

Bibi Ollie alitoa pini midomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kitambaa, ndipo akajibu.

“Macho yangu mazima kuliko yako. Hili joho la Tate. Namshonea hivi tangu mwaka wake wa kwanza, kushoto napinda, kulia naachia.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ndivyo mikono yake ilivyo. Wewe si ndiye uliyekuja hapa na tepu?”

“Ndiye mimi.”

“Basi ulikuwa unapima nini?”

Otha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaomba kijana aitwe.

Kijana alipatikana bwaloni, mbele ya sahani ya kambale wa kukaanga. Akaja chumba cha nguo, na hapo, kwa tepu ya Bibi Ollie ya kushonea, wakampima mkono wa kulia. Inchi thelathini na tatu na robo. Mkono huo ndio anaoutumia kumpiga mzuiaji kifuani, maana amecheza upande wa kulia wa mstari tangu sekondari.

Alieleza kwamba alipokuwa na miaka tisa alianguka kutoka nyuma ya gari la chakula cha samaki, kwenye mabwawa ya kambale alikokuwa akifanya kazi babu yake. Mkono ulivunjika juu, karibu kabisa na bega. Ulipona, una nguvu zake zote, ila ulikua polepole kuliko mwenzake.

Otha akamuuliza mbona hakusema.

“Uliniambia ninyooshe wa kushoto, mzee. Nikanyoosha.”

“Na namba ukaisikia.”

“Niliisikia.” Kijana akatazama mlango. “Mfupi ni mfupi, kuna wafupi wanacheza. Lakini nikisema ulivunjika wataleta madaktari, wataandika mbovu. Mbovu hachezi.”

Maneno hayo Otha aliyabeba. Alijua kijana anasema kweli. Ameshaona jina zuri likifutwa kwa neno moja la daktari. Akamwambia hataandika chochote bila ruhusa yake, na kwamba azungumze kwanza na mama yake.

Simu ikapigwa palepale. Rosetta Tate amefanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha kuandaa samaki, upande wa visu, na alikuwa kwenye mapumziko ya dakika kumi na tano. Alisikiliza yote. Kisha akaomba apewe huyo bwana mwenye tepu.

“Wewe ndiye uliyemtaja mwanangu mfupi mbele za watu?”

“Ni mimi, mama.”

“Basi nenda ukamtaje sawa. Mbele za watu walewale.”

Akakata, maana mapumziko yalikuwa yamekwisha.

Gene Kowalczyk, mkuu wa uteuzi wa timu ya Otha, alizipokea habari hizo kwa furaha. Hata kwenye simu Otha alisikia kiti kikisogezwa na jina likibanduliwa ukutani kurudishwa ubaoni. Kisha Kowalczyk akauliza nani mwingine anajua. Otha akasema kijana, mama yake, na mshonaji. Kowalczyk akasema basi ibaki hapohapo. Timu nyingine zinamwona mfupi, wataacha apite, na wao watamwokota raundi ya saba, ya mwisho, kwa bei ya karanga.

“Tepu haikuwa yetu, Gene,” Otha akamwambia. “Niliwasomea wote wanane.”

“Wana magari. Waende wakapime wenyewe.”

“Waliniamini mimi.”

Kowalczyk akauliza, kwa upole kabisa, mkataba wa Otha unakwisha lini.

Kwa anayefahamu kazi hii, Kowalczyk hakuwa akitaka kitu cha ajabu. Kila timu inaficha inachokijua. Wapo wanaotazama mkanda wa mchezaji wameinamisha kompyuta ili jirani asione. Lakini namba iliyotajwa kwa sauti siku ya vipimo haijawahi kuwa siri ya mtu. Bila kuaminiana kwa jambo hilo moja, kila timu ingelazimika kutuma mtu wake na tepu yake kila kichochoro, na vijana wa vyuo kama Bogue Creek wasingepimwa kabisa.

Siku mbili Otha alikaa barazani. Aliosha gari ambalo halikuwa chafu. Earnestine anasema alimwacha, kwa sababu akisukumwa huwa anarudi nyuma. Siku ya tatu asubuhi alimpelekea kahawa, akakaa kiti cha pili.

“Matairi tuliyauza na tukala,” akamwambia. “Piga simu.”

Simu ya kwanza alimpigia Kowalczyk, amwambie anachokwenda kukifanya kabla hajakifanya. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Kisha akafungua daftari la Machi, akawapigia wenzake wanane mmoja mmoja, kwa mpangilio ule ule waliokuwa wamekaa kwenye benchi. Kila mmoja alimwambia: mkono wa kulia thelathini na tatu na robo, wa kushoto ulivunjika utotoni, kijana ameruhusu madaktari wamwone, kosa ni langu.

Wawili walimshukuru. Mmoja alicheka mpaka akakohoa, akamuuliza kama amezeeka au ameokoka. Mwingine, mzee mwenzake wa Birmingham, hakuamini hata neno moja. Alidai Otha na Kowalczyk wanataka kuwatwisha wenzao kijana mfupi ili Prudhomme awabakie wao.

“Nikamwambia, Hoyt, njoo umpime mwenyewe, nitakununulia chakula cha mchana,” Otha anakumbuka. “Akaja. Akampima mara tatu. Chakula nikalipa mimi.”

Madaktari wa timu tatu walimwita Dekorian. Walimvuta mkono, wakamgeuza, wakampiga picha za mfupa. Walichoandika ni kwamba bega ni zima na nguvu za mikono yote miwili ni sawa. Neno ambalo kijana alikuwa akiliogopa miaka kumi na mitatu halikuandikwa na yeyote.

Siku nne kabla ya uteuzi Otha alituma ripoti yake ya mwisho, kurasa mbili. Alimsifu Prudhomme kwa yote anayostahili, mwendo, urefu, na mkono wa kushoto unaoweza kumgeuza mzuiaji kama mlango. Kisha akamweka Tate juu yake, akaandika sababu, na chini akatia jina lake.

Prudhomme alichukuliwa usiku wa kwanza na timu ya Magharibi, jina la kumi na tisa, na Lafayette walipiga honi mpaka polisi wakajiunga nao. Siku ya pili, raundi ya tatu, zamu ilipofika kwa timu ya Otha, nyuma yao kwenye foleni zilikuwa zimebaki timu mbili kati ya zile nane. Kowalczyk hakuthubutu kusubiri raundi ya saba. Hakuthubutu hata ya nne. Akalitaja jina la Dekorian Tate.

Kati ya raundi ya tatu na ya saba kuna tofauti kubwa ya malipo, na kubwa zaidi ya uvumilivu. Kijana wa raundi ya saba akiteleza mara moja anarudishwa nyumbani. Wa raundi ya tatu anapewa muda wa kujifunza. Rosetta Tate alifuatilia kwenye televisheni ya chumba cha mapumziko, na kofia ya nailoni kichwani. Bado yuko upande wa visu. Anasema ataacha akimwona mwanawe uwanjani kwa macho yake, si kabla.

Kuna desturi nyingine ya kazi hii. Mchezaji akishateuliwa, mtafuta vipaji aliyempata ndiye anayempigia simu ya kwanza kumpa habari. Otha amepiga simu kama hizo kumi na moja katika maisha yake, na anazikumbuka zote, nani alilia, nani alidondosha simu. Safari hii alikaa sebuleni na simu mapajani. Kowalczyk alimpigia kijana mwenyewe.

Earnestine ndiye anayesimulia sehemu hii, na anasimulia akiwa anafuta meza ambayo imeshafutwa. Baada ya saa moja simu ililia. Alikuwa Dekorian. Hakuwa na maneno mengi. Alisema amekuwa akipokea simu za watu wasiomjua, akaona apige moja ya mtu anayemjua.

Mei yote ikapita kimya. Wenzake wakapata barua. Mmoja akaongezewa miaka miwili. Otha akaenda kanisani, akakata nyasi, akampeleka Earnestine kwa daktari wa macho. Mwenye banda la matairi alimwona dukani akamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba nafasi ipo. Otha alimshukuru. Alimaanisha.

Tarehe 31 ilikuwa Jumapili. Ilikwisha bila simu.

Jumatatu, tarehe mosi Juni, ndiyo siku ambayo majina ya mwaka mpya huanza kutazamwa rasmi. Otha alioga mapema, akavaa shati la mikono mifupi lisilo na nembo ya timu yoyote, akaweka daftari jipya kwenye kiti cha pembeni cha gari. Earnestine alimuuliza anakwenda wapi. Akasema Alabama, kuna mlinzi wa pembeni anafanya mazoezi ya kiangazi huko, kijana wa mwaka wa tatu, miguu yake ameipenda. Earnestine hakumuuliza anakwenda kwa kazi ya nani. Alimfungia mikate miwili yenye soseji.

Alikuwa ameshapita mji wa Demopolis simu ilipolia. Akasimamisha gari kando, karibu na geti la shamba. Alikuwa Kowalczyk.

“Uko wapi?”

“Kazini,” Otha akajibu.

“Kazi ya nani?”

“Hilo bado sijajua.”

Otha anasema alimwona ng'ombe mmoja akitembea kutoka mwisho wa uzio mpaka mwisho wa pili.

“Umenilipisha raundi nne kwa mtu mmoja,” Kowalczyk akasema mwishowe. “Jana nimemwona kambini kwa mara ya kwanza. Nimewapanga wazuiaji wangu wote mbele yake.” Akapumua. “Endelea na safari. Barua itakuja Alhamisi. Mwaka mmoja, Otha, si miwili.”

“Mmoja unatosha.”

Barua ilikuja Ijumaa. Imewekwa juu ya friji, chini ya sumaku ya benki, na Earnestine ameshaisoma mara mbili kuhakikisha hakuna mstari wa nne wenye ubaya.

Kuhusu ripoti yake, Otha hajitapi. Anasema Prudhomme anaweza akawa mkubwa kuliko Tate, na ikitokea hivyo jina lake liko chini ya karatasi, watu wajue wamcheke nani. Jibu litaanza kuonekana Desemba, baridi ikishaingia, timu zikishachoka.

Mpango wake kwa sasa ni mdogo. Ana majina kumi na moja ya walinzi wa pembeni wa mwaka ujao, na kwenye daftari jipya kila jina amelipigia mistari miwili ya mkono badala ya mmoja. Wenzake wameshaanza kumtania kwamba atawamalizia asubuhi zao. Hoyt wa Birmingham amesema hatapima mikono miwili ya mtu yeyote mpaka afe.

“Si lazima apime,” anasema Otha, akiwasha gari. “Machi ikija nitaitaja yote miwili, kwa sauti. Yeye kazi yake itakuwa kuandika.”